Mbeya ni Sufuria Moja ya Viazi

Mkiniuliza Mbeya ni mbali kiasi gani kutoka Tunduma, nami nitawauliza: kwa ndege, unakwenda au unarudi? Msinicheke. Juzi mjukuu wangu alikuja na ramani ya shule na rula, akapima, akaniambia jibu, akafunga daftari kama mtu aliyemaliza kazi. Nikamwambia jibu lake ni sahihi kabisa kwa mtu anayesafiri ndani ya daftari. Akaenda kunishtaki kwa mama yake.

Mimi nilikuwa mtunza kiwanja cha ndege cha Tunduma wakati wa Mwingereza, na nilifanya kazi hiyo hiyo kwa miaka kumi na moja. Neno kiwanja lisiwapoteze, vijana. Hakukuwa na jengo wala lami. Kulikuwa na majani yaliyofyekwa, mawe yaliyopakwa chokaa pande mbili, mlingoti wenye mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo, na kibanda cha nyasi ambamo tulikaa kungoja. Ndege ilikuja mara moja kwa juma kutoka Mbeya, ikileta barua za boma na pengine mzungu mmoja aliyekuwa akitapika. Ilikuwa ndogo, mabawa yake ya turubai, na ilibeba rubani na watu wawili, au mtu mmoja aliyelala.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nzowa, Mnyiha wa Iyula, mtu mfupi asiyecheka. Siku ya kwanza aliniambia nivue viatu. Nilifikiri ni heshima, kama kanisani kwa wengine. Kumbe kiwanja hukaguliwa kwa miguu mitupu, kwa sababu jicho linaona majani, mguu ndio unaoona shimo. Mhanga akichimba usiku, asubuhi shimo lake limefunikwa na nyasi vizuri, na gurudumu la ndege likiingia humo, ndege inasimama kwa pua. Tulitembea kiwanja kizima kila ndege ilipotarajiwa, yeye upande wake na mimi upande wangu. Miguu yangu mpaka leo inajua ardhi kuliko macho.

Kazi ya pili ilikuwa akina mama. Kiwanja kilikuwa mahali tambarare kuliko pote Tunduma, pasafi, pasipo kuku, na akina mama walikiona kimetengenezwa mahususi kwa kuanika ulezi. Nilipowafukuza walinijibu kwa adabu kabisa.

"Mwapoleni, mukwai," mmoja wao alinisalimia siku moja, bila kuinua kichwa kutoka kwenye ungo. "Hiyo ndege yenu inakuja saa ngapi?"

"Wakati wowote, mama."

"Basi ikija itatukuta."

Ikawakuta. Ndege ikazunguka juu mara nne huku sisi tukikusanya ulezi, na rubani aliposhuka akauliza kama siku hizi tunalipisha ushuru wa kutua. Mzee Nzowa akamjibu kwamba bado.

Rubani huyo tulimwita Bwana Saa. Alikuwa na saa mkononi na nyingine shingoni, na hakuziamini zote mbili. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, lakini alisikia kila kitu. Ndiye aliyetufundisha jambo ambalo rula ya mjukuu wangu haijui. Upepo wa kwetu wakati wa kiangazi hutoka mashariki. Ndege ikitoka Mbeya kuja Tunduma inasukumwa mgongoni, dakika thelathini imefika. Ikirudi inapigwa usoni, dakika arobaini na zaidi. Njia ni ile ile, milima ni ile ile. Watu wa Tunduma hawakukubali maelezo hayo. Waliamini Bwana Saa ana mwanamke mahali fulani upande wa Mbozi, na zile dakika kumi anakunywa chai. Hata walimtetea, wakisema mwanamume aliye mbali na kwao lazima apumzike.

Sisi hatukuwa na saa. Karani wa simu, pale mpakani, alipopata habari kwamba ndege imeruka Mbeya, alimtuma tarishi na karatasi. Mzee Nzowa hakuisoma karatasi, kwa sababu hakujua kusoma na kwa sababu siku zote ilisema jambo lile lile. Alipomwona tarishi anakuja alibandika sufuria ya viazi vitamu, kipimo kile kile cha maji, kuni zile zile za mgunga. Maji yakianza kutokota, unawasha moto wa moshi, majani makavu chini na mabichi juu, ili rubani auone upepo kutoka mbali. Viazi vikiiva, unatazama juu. Masika, upepo ukiwa hauna msimamo, viazi na ndege viliiva pamoja. Wakati wa baridi, upepo ukivuma sawasawa, ndege ilitua na viazi bado vigumu katikati, tukavila hivyo hivyo. Bwana Saa mwenyewe alizoea. Akishuka alifunua sufuria kwanza, akachoma kiazi kwa kijiti, ndipo akatazama saa zake.

Sasa niwaambie kuhusu ugonjwa wetu, ugonjwa wa watu wa huku, maana ndio uliotufikisha pabaya.

Kwetu Unamwanga, na kwa Wanyiha vilevile, msafiri akikuuliza kumebaki mbali kiasi gani, humwambii ukweli. Kumwambia ukweli ni kumvunja miguu. Unamwambia "hapo tu," unanyoosha midomo kuonyesha upande, naye anashukuru na kupata nguvu. Anajua unamdanganya, nawe unajua anajua. Akifika mbele anamuuliza mwingine, naye anaambiwa hapo tu, na kwa hapo tu kumi na tano mtu anafika kwa shemeji yake. Mimi nimelelewa hivyo. Mtu aliyekuwa akitaja umbali kamili tulimwona ana roho mbaya.

Nilikuwa na majuma mawili kazini nilipomwambia mkaguzi mmoja Mzungu, aliyeshuka na viatu vya mjini, kwamba nyumba ya wageni ni hapo tu. Alifika jioni, viatu mkononi. Mzee Nzowa akaniita.

"Ulimwambia nini yule?"

"Nilimtia moyo, Mzee."

"Kwenye kiwanja cha ndege heshima ya namna hiyo iache getini."

"Hatuna geti, Mzee."

"Basi iache kwenye mawe meupe."

Nilisema ndiyo. Nilidhani ameona haya tu kwa ajili ya mzungu.

Dada yangu Tamali alikuwa ameolewa Mpemba, mwendo wa saa mbili kutoka kiwanjani, na hiyo ni hesabu kamili. Alinizidi miaka sita. Mama yetu alikufa mapema, kwa hiyo Tamali ndiye aliyenibeba, aliyenichapa na kunipeleka shule ya misheni, na siku nilipopata kazi ndiye aliyenifulia kaptula. Mwaka wangu wa tatu kazini, mvua za Januari, gogo liliviringika shambani likampiga muundi. Mfupa ulitokeza. Walimfunga kwa miti na majani, kidonda kikageuka rangi, na siku ya nne dresa wa zahanati akakiangalia, akanitoa nje.

"Mguu huu sasa unahesabiwa kwa saa," akasema. "Ukifika hospitali ya Mbeya leo au kesho, utapona. Zaidi ya hapo mimi sisemi."

Barabara ilikuwa imekatika sehemu mbili. Malori yalikuwa yamelala kwenye tope tangu Jumapili. Lakini kesho yake asubuhi ilikuwa siku ya ndege, kwa hiyo tulimbeba Tamali kwa machela gizani, tukamlaza kwenye kibanda chetu, na mimi nikakagua kiwanja mara mbili. Ndege ikaja. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, jambo ambalo kazini sikuwa nikilifanya.

Bwana Saa alishuka, akachoma kiazi, akamtazama Tamali, akauliza, nikamweleza. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akatoa ramani yake, akaipiga kwa kidole.

"Mimi iko na chuma ya mashine ya watu wa dhahabu," akasema. "Mbangala. Kiwanja mpya, hapana iko kwenye ramani. Wewe najua Mbangala?"

Nilikuwa naijua. Nilikwenda huko kabla ya kupata kazi hii, kutafuta kibarua cha kuchimba, nikapita Mkwajuni na kurudi bila kibarua. Pale kiwanjani hakuna mwingine aliyewahi kufika.

"Naijua, Bwana."

"Mbali?"

Ndugu zangu, mdomo ulijibu wenyewe. "Hapo tu, Bwana. Ng'ambo ya mlima."

Akaelekeza kidole kwenye sufuria, akatabasamu. "Naweza kwenda na kurudi kwa sufuria moja?"

Shemeji zangu walikuwa wamesimama pale, na wabeba machela, na wale akina mama wa ulezi. Wote walikuwa wakinisikiliza nikizungumza na rubani. Nikasema, "Hata havitachemka, Bwana."

Ndipo akaeleza mpango wake. Kama Mbangala ingekuwa mbali, angempeleka Tamali Mbeya kwanza, chuma kingengoja juma lijalo. Lakini kwa kuwa ni hapo tu, atakwenda kukishusha, arudi, amchukue mgonjwa, na kabla ya adhuhuri watakuwa Mbeya. Hapa petroli ya ndege haikuwepo, kwa hiyo alikuwa akihesabu ile iliyomo kwenye tangi, na aliihesabu kwa neno langu.

Nilipata muda wa kusahihisha, nisiwafiche. Alikunja ramani polepole, akakagua magurudumu, akapanda, akafunga mkanda. Mzee Nzowa alikuwa mwisho wa kiwanja akifukuza ng'ombe, hakuwa amesikia kitu. Ningeweza kusema, Bwana, nilitembea siku nne, na ya tano nikafika mchana. Niliona aibu. Mbele ya watu wote wale nionekane nilisema uongo. Nikajiambia pia kwamba kwa ndege kila mahali ni hapo tu. Hilo nililiamini kwa sababu nilitaka kuliamini.

Ndege ikaruka. Nikabandika viazi.

Viazi vikaiva. Tukavila, Tamali naye akala kimoja, akasema kina chumvi kidogo. Nikabandika sufuria ya pili. Mzee Nzowa alikuwa amerudi na fimbo yake, akaketi karibu na moto, akatazama upande wa kaskazini. Sufuria ya pili ilipoiva hatukula. Ya tatu nilibandika bila mtu kuniambia. Viazi vikarojeka, maji yakakauka, vikaanza kunuka kuungua, na angani hapakuwa na kitu ila mawingu.

"Ulimwambia nini?" Mzee Nzowa akaniuliza.

Nikachochea moto.

"Lameki. Ulimwambia nini yule mtu?"

"Nilimwambia hapo tu."

Hakunitukana. Aliinuka, akachukua sufuria, akaenda kuwamwagia kuku wa jirani vile viazi, akarudi akauzima moto wa moshi kwa mguu. Kisha akawaambia wabeba machela, "Inukeni. Tunakwenda kwa miguu." Alikuwa na umri ambao hakupaswa kubeba kitu chochote, lakini alishika mti wa mbele kulia mpaka Mpemba, na kutoka Mpemba mpaka tulipolala.

Njiani Tamali alikuwa na homa. Mara kwa mara aliuliza, "Lameki, bado mbali?"

Nilimpangusa jasho usoni. Wale wabeba machela ndio waliomjibu, kila mara: hapo tu, dada, hapo tu. Kwa mara ya kwanza maishani nililisikia neno lile kwa masikio ya anayeambiwa.

Siku ya pili jioni, upande wa Iyula, tulipata lori la mfanyabiashara mmoja lililokuwa limekwamuliwa, na siku ya tatu tukafika Mbeya. Daktari aliukata mguu juu ya goti. Aliniambia, bila hasira, kwamba tungefika siku ile ya ndege angeuacha. Nilitoka nje nikalia mpaka mlinzi wa hospitali akaniletea maji, akidhani nimefiwa.

Bwana Saa hakufa. Alikuwa ameanza kukitafuta kiwanja baada ya robo saa, mara tu alipovuka mlima, kwa kuwa niliyemwelekeza nilisema ng'ambo ya mlima. Akazunguka juu ya pori, akazunguka tena, akaenda mbele kidogo, akarudi, mpaka petroli ikamwambia achague. Akatua kwenye mbuga upande wa Rukwa, gurudumu likazama, pangaboi likapinda. Alitembea siku mbili mpaka Mkwajuni, kile chuma kikabaki ndani ya ndege. Baada ya juma moja na nusu alikuja Tunduma kwa lori, ndevu zimeota, akaketi kwenye kibanda chetu.

"Lameki. Kwa miguu, Mbangala, siku ngapi?"

"Nne, Bwana. Ya tano mchana."

Akaandika. "Mgonjwa?"

"Wamekata mguu, Bwana."

Akaacha kuandika. Kisha akasema kitu nilichotarajia kuwa ni kufukuzwa kazi, lakini haikuwa hivyo. Alisema yeye naye alikosa, kwa sababu rubani haulizi "mbali?", anauliza "siku ngapi, ulilala wapi?" Toka siku hiyo aliniuliza hivyo, mahali baada ya mahali, nami nikamtajia kila usiku niliowahi kulala njiani tangu utoto. Ndiyo kazi niliyoifanya miaka iliyobaki. Kila mtu aliyepita mpakani kwa miguu nilimkalisha chini, nikamwuliza alilala wapi, mara ngapi, alivuka mito mingapi, alibeba nini, maana mwenye mzigo wa chumvi na mwenye fimbo hawatembei mwendo mmoja. Ukiondoa mzigo, ukaondoa matope na kwa shangazi alikopita kula, unapata mwendo wenyewe. Bwana Saa aliugeuza kuwa dakika, na dakika zetu hazikuwa zikipotea sana.

Katika maisha ya kawaida elimu hiyo ilinigharimu. Wageni wakiniuliza njia niliwaambia ukweli mtupu: saa sita na nusu, mito miwili, mmoja hauna daraja. Mzee mmoja aliyekuwa akienda harusini alikaa chini palepale na kukataa kuendelea. Wakwe zangu walimwambia mke wangu kwamba mumeo ni mtu mwema lakini asisimame njiani.

Tamali alirudi Mpemba kwa magongo mawili. Alilima akiwa ameketi, akijivuta tuta kwa tuta, na watu walimsaidia. Kuhusu siku ile hakuniambia neno, na mimi sikumwambia. Hakujua, au alijua, sikuweza kutambua. Alikuwa palepale kibandani nilipojibu, hatua tatu kutoka kwenye sufuria, lakini alikuwa na homa. Nilikwenda kwake kila Jumapili baada ya ibada, nikachanja kuni, nikarudi. Miaka minne ilipita hivyo.

Kisha Bwana Saa akaja kutuaga, anarudi kwao. Alisema ana nafasi moja ya kunipandisha ndege, kwenda Mbeya na kurudi na barua za juma lijalo, kwa kuwa katika miaka yote ile sikuwahi kupanda. Nilimshukuru, nikamwomba nafasi hiyo ampe dada yangu. Hospitali ya Mbeya ilikuwa imeandika kwamba mguu wa mti uko tayari. Rubani akanitazama, akasema sawa.

Siku Tamali aliporudi ilikuwa Julai, baridi, upepo wa mashariki umeujaza ule mfuko wa mlingoti mpaka ukasimama kama mkono. Tarishi alikuja na karatasi. Mzee Nzowa, ambaye sasa macho yake yalikuwa yamefifia, aliniachia mimi nibandike sufuria. Nilipima maji, nikapanga kuni, nikawasha moshi.

Ndege ilitua vizuri. Bwana Saa akamshika Tamali mkono, Tamali akashuka, akasimama kwenye majani kwa mguu wake mmoja na ule wa mti, gongo moja tu. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Akatembea kuja kibandani, hatua moja moja, na mimi nilisimama pale kwenye mawe meupe nisijue la kufanya na mikono yangu. Nilikuwa nimekusudia kumwomba msamaha siku hiyo. Nilikuwa nimepanga na maneno. Yote yaliniponyoka, nikajikuta nauliza kile ambacho kila mtu wa kwetu humuuliza anayefika.

"Karibu, dada. Mbeya ni mbali?"

Tamali akasimama. Akanitazama usoni, akaitazama sufuria motoni, akanitazama tena kwa muda mrefu. Nikajua alisikia kila neno siku ile.

"Hapo tu, mdogo wangu," akasema.

Akaketi kwenye kigoda cha Mzee Nzowa, akanyoosha ule mguu wa mti mbele yake, akaomba chakula. Nikaenda nikafunua sufuria, nikachoma kiazi kwa kijiti. Kilikuwa bado kigumu.